Kompyuta ya 386 kutoka stoo ya ushirika: nianzie wapi kabla ya kuiwasha?

Mpwani wa Tanga (mleta mada)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika langu habari zenu.

Chama kikuu kimoja cha ushirika mkoani kwetu kilikuwa kinasafisha stoo yake. Katika vitu vilivyotengwa kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, nilikuta kompyuta nzima ya mezani ya mwanzoni mwa miaka ya tisini: sanduku lake zito la bati, monita ya rangi ya inchi 14, kibodi yenye plagi nene ya mviringo, printa ya utepe, na makasha mawili ya flopi, yaani diski za sumaku za kuhifadhia mafaili, baadhi zikiwa zile kubwa laini za inchi 5.25 na nyingine ndogo ngumu za inchi 3.5. Prosesa yake ni 386SX. Katibu wa chama amenikabidhi vyote kwa maandishi, kwa makubaliano kwamba chochote kitakachosomeka kwenye flopi nitawarudishia nakala yake.

Kazi yangu ni umeme wa majumbani, kwa hiyo kupima kwa mita na kulehemu si mambo mageni kwangu, lakini kompyuta ya umri huu sijawahi kuigusa. Mpaka sasa nimefungua kifuniko tu. Ndani mna vumbi jingi, na kwenye bodi, karibu na tundu la kibodi, kuna betri ndogo ya buluu yenye umbo la pipa, iliyotoa ukoko wa kijani na mweupe uliosambaa hadi kwenye chipu za jirani. Flopi kadhaa zina madoa meupe kama ukungu. Lebo zake zimeandikwa kwa mkono: «Malipo ya wakulima 1992», «Mihtasari ya vikao», «Barua».

Ninataka mashine hii ifufuke na itunzwe, wala sina nia ya kuiuza. Naomba kujua: je, niiwashe nione kama bado nzima, au kuna jambo la kufanya kwanza? Ukoko ule unasafishwaje? Na flopi zenye ukungu zinaweza kuokolewa, au nizihesabu kuwa zimepotea?

---

Fundi Mstaafu, Mombasa

Marahaba, kijana wangu, na umefanya vema kuuliza kabla ya kugusa swichi. Usiiwashe.

Betri hiyo ni ya nikeli na kadimi, ya volti 3.6, na kazi yake ilikuwa kuilinda saa na mipangilio ya mashine wakati umeme umezimwa. Ikizeeka huvuja alkali, yaani hidroksidi ya potasiamu, ambayo hutambaa kwenye njia za shaba chini ya ile rangi ya kijani ya bodi na kuzila polepole, hata kama mashine imefungiwa kabatini bila kuguswa na mtu. Bodi nyingi sana za 286, 386 na 486 zilizokufa ziliuawa na betri hii zikiwa zimelala. Ukiwasha sasa, umeme utapita kwenye njia zilizounganishwa na ukoko na kuharibu chipu ambazo pengine bado ni nzima.

Kwa hiyo betri itoke leo. Piga picha za bodi kutoka pande zote, andika kila waya ulikuwa umechomekwa wapi na upande upi, kisha toa bodi kwenye sanduku na ukate miguu ya betri kwa koleo. Usianze kwa kuilehemua, kwa sababu risasi ya kulehemu iliyoliwa na alkali haiyeyuki vizuri, na mtu akilazimisha moto hung'oa shaba pamoja nayo. Vaa glavu na ulinde macho.

Baada ya hapo tumia siki nyeupe ya dukani, kidogo tu, kwa mswaki laini. Siki ni asidi dhaifu, nayo itaizima alkali. Utaona vipovu kidogo mahali palipo na ukoko. Rudia mpaka vipovu viishe, kisha suuza kwa maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za magari, lakini soma chupa uhakikishe ni maji na si asidi, maana madukani hukaa rafu moja. Maliza kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ambayo huondoa maji yaliyojificha chini ya chipu, na uache bodi ikauke mbele ya feni mpaka uwe na hakika kabisa. Watu wengi huishia kwenye siki na kuona kazi imekwisha. Siki inayobaki chini ya soketi nayo hula shaba, kwa hiyo kusuuza kuna uzito uleule wa kusafisha.

Ikishakauka, tafuta chipu ndefu yenye miguu 40 karibu na tundu la kibodi. Hiyo ndiyo inayoongoza kibodi, na kwa kuwa watengenezaji wengi waliweka betri pembeni yake, ndiyo huumia kwanza. Kama imekaa kwenye soketi, itoe taratibu na utazame miguu yake na meno ya soketi; yakiwa meusi au ya kijani, badilisha soketi. Kisha weka mita kwenye mlio na ufuate kila njia iliyopita kwenye eneo lililochafuka, kutoka mwanzo wake hadi mwisho. Iliyokatika utaiunga kwa uzi mmoja mwembamba wa shaba. Kazi hii ni ya subira, na hapo ndipo utakapojua kama bodi itarudi au la.

Kuhusu pawa saplai, sikiliza vizuri hata kama umeme ni kazi yako. Katika mashine za aina hii swichi ya mbele ya sanduku hubeba umeme wa ukutani moja kwa moja, volti 230 kamili, kupitia waya mnene unaotoka nyuma. Usifanye kazi humo ikiwa imechomekwa, hata kama unaiona imezimwa. Angalia pia kiteuzi kidogo chekundu nyuma: kama kimewekwa 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu, pawa saplai itapasuka hapohapo.

Ndani yake, panapoingia umeme, huenda ukakuta kapasita ya karatasi yenye ganda la plastiki linaloonyesha ndani, la rangi ya asali. Ganda hilo hupata nyufa kwa uzee, unyevu huingia, na siku ya kuwashwa kapasita hutoa moshi mzito unaonuka. Ukiona nyufa, badilisha kabla ya kujaribu, tena kwa kapasita ya daraja la usalama la X2, si yoyote tu yenye thamani sawa.

Jaribu pawa saplai peke yake kwanza, bila bodi, ukiipa mzigo, kwa sababu nyingi za zamani haziamki bila mzigo. Mimi hutumia balbu ya gari kwenye waya wa njano wa volti 12, na kipingamizi cha wati nyingi kwenye waya mwekundu wa volti 5. Volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ikitoka nje ya hapo, bodi isiunganishwe.

Monita usiifungue kabisa. Kioo cha rangi cha ukubwa huo hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na chaji hubaki ndani baada ya kuzimwa. Nitakueleza siku ikihitaji matengenezo.

---

Bi. Nyaraka, Dar es Salaam

Habari zenu nyote. Fundi ameeleza mambo ya bodi kwa ufasaha, nami sina la kuongeza hapo. Ninataka kuzungumzia yale makasha mawili, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mleta mada, 386SX yako ilikuwa na ndugu wengi. Intel ilitoa prosesa hiyo mwaka 1988 kama toleo la bei nafuu la 386, na mashine zake zilitengenezwa kwa wingi sana duniani. Yako ikishindikana kabisa, unaweza kupata nyingine. Lakini flopi ya malipo ya wakulima ya mwaka 1992 huenda ikawa ndiyo pekee iliyobaki, kwa sababu vitabu vya karatasi vya vyama vingi viliharibiwa na mchwa, na vingine vilipotea wakati wa kuhama ofisi. Mimi ninafanya kazi na nyaraka, na ninaona kila mara jinsi watu wanavyookoa sanduku la bati kwa upendo mkubwa huku wakizifuta flopi ili wazitumie kujaribia mashine. Naomba usifanye hivyo. Flopi zitangulie, na zisisomwe kwa 386 yenyewe mpaka uwe umeshachukua nakala zake kwa njia nyingine.

Kwanza zuia uwezekano wa kuandika juu yake. Zile za inchi 5.25 zina pengo dogo ubavuni. Lizibe kwa kibandiko kisichopitisha mwanga. Zile za inchi 3.5 zina kitelezi pembeni, nacho kisogezwe mpaka tundu libaki wazi. Mambo haya mawili yamepingana, nao wengi huchanganya.

Pili, flopi yenye ukungu isiingizwe kwenye drivu yoyote. Ukungu hukwangua utando wa sumaku diski inapozunguka, kisha hubaki kwenye kichwa cha kusomea na kuiharibu flopi nyingine safi itakayofuata. Kwa zile kubwa, fungua ukingo mmoja wa bahasha ya plastiki, toa diski yenyewe ukiishika katikati na pembeni tu, ioshe taratibu kwa maji yasiyo na chumvi yenye tone la sabuni laini, isuuze, na iache ikauke yenyewe kivulini, kamwe si juani. Kisha iingize kwenye bahasha safi ya flopi tupu uliyoikubali kuitoa sadaka. Safisha kichwa cha drivu kwa isopropili kila baada ya flopi moja, hata zile zinazoonekana safi.

Tatu, kifaa cha kusomea. Drivu za flopi za USB zinazouzwa mjini husoma zile za inchi 3.5 tu, tena hukata tamaa mapema sekta ikiwa dhaifu. Kinachofaa ni drivu halisi ya zamani iliyounganishwa na bodi ndogo iitwayo Greaseweazle, ambayo haisomi mafaili bali hurekodi mabadiliko yenyewe ya sumaku kwenye kila mzingo wa diski. Ubora wake ni kwamba rekodi hiyo unaweza kuihifadhi leo na kuichambua tena baadaye kwa programu bora zaidi, bila kuizungusha flopi mara ya pili. Kwa flopi inayokaribia kufa, mzunguko mmoja wa ziada unaweza kuwa wa mwisho. Drivu ya inchi 5.25 ya kilobaiti 1,200 itasoma vizuri hata zile za kilobaiti 360, lakini usiandike kwa drivu hiyo juu ya flopi ya 360, kwa kuwa kichwa chake ni chembamba na huacha mabaki ya zamani pembeni mwa mzingo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo litakukuta wewe kama msomaji wa Kiswahili. Ofisi nyingi za wakati ule ziliandikia barua kwa programu ya WordStar, na matoleo yake ya zamani yalikuwa na tabia ya kuwasha biti ya nane kwenye herufi ya mwisho ya kila neno, ili programu ijue mahali pa kupanga nafasi kati ya maneno. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, ukilifungua faili hilo kwenye kompyuta ya leo utaona irabu za mwisho zimevaa alama za ajabu: «wanachama wote» itaonekana kama «wanachamá wotå», na «kikao cha mwisho» kama «kikaï chá mwishï». Mtu asiyejua hudhani faili limeharibika, akalitupa. Faili ni zima kabisa. Unachohitaji ni kuipunguzia 128 kila baiti iliyozidi 127, kazi ya mistari michache ya programu yoyote, na Kiswahili kitarudi kama kilivyoandikwa.

Kama malipo yalitunzwa kwa dBASE, programu ya kutunza rekodi, mafaili yatakuwa na mkia wa DBF, nayo LibreOffice huyafungua bila shida. Vivyo hivyo kwa majedwali ya Lotus 1-2-3 na barua za WordPerfect.

Na moja la mwisho. Majina ya wakulima na fedha walizolipwa ni taarifa zao binafsi, na Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nakala zirudi kwa chama kama mlivyokubaliana, na usiziweke mtandaoni, hata sehemu, kabla chama hakijaamua.

---

Mtumiaji wa Dodoma

Ndugu zangu, nauliza kwa nia njema kabisa. Kama lengo ni kuona programu za zamani zikifanya kazi, kwa nini kijana aingie gharama na hatari hizi zote? Programu ya kuiga kompyuta za zamani, DOSBox, ipo na ni bure, na nyingine, 86Box, inaiga hata bodi na kadi za wakati ule. Laptopu ya kawaida itamwonyesha WordStar ndani ya dakika chache. Sanduku lenyewe linakula nafasi, na umeme wetu unavyopanda na kushuka, litaungua tu.

---

Mswahili wa Leicester

Salaam kwenu kutoka Uingereza. Ninakusanya na kutengeneza kompyuta za zamani huku, hasa BBC Micro, ile ya kampuni ya Acorn iliyotoka mwishoni mwa 1981, kwa hiyo naomba nimjibu ndugu wa Dodoma.

Programu za kuiga ni hazina, nami ninazitumia. Lakini ziliandikwa na watu waliokuwa na mashine halisi mezani, wakipima tabia ya chipu moja baada ya nyingine na kunakili programu zilizofungiwa ndani ya chipu zake za ROM. 86Box yenyewe haiwezi kuiga bodi fulani mpaka mtu awe ameinakili ROM ya bodi hiyo. Bodi za chapa zisizojulikana sana, ambazo ndizo nyingi zilizofika Afrika Mashariki, bado zina ROM ambazo pengine hakuna aliyezinakili. Mleta mada, kabla ya yote tazama chipu yenye kibandiko cha jina la mtengenezaji wa BIOS, ile programu inayoiamsha mashine. Usikibandue kibandiko hicho: chini yake mara nyingi kuna kidirisha cha kioo, na mwanga wa jua ukikipiga kwa muda mrefu unaweza kufuta kilichomo. Mwenye kifaa cha kusoma chipu ya aina hiyo, iitwayo EPROM, akunakilie, na nakala hiyo itakuwa mchango wako kwa watu wengi.

Kisha kuna mambo ambayo programu haiigi: uzito wa vitufe, mlio wa diski ikitafuta mzingo, mng'ao wa kioo chenyewe, na jinsi katibu muhtasi alivyosubiri printa imalize ukurasa. Kwenye jumba la makumbusho ya kompyuta la Bletchley Park, The National Museum of Computing, kuna mashine ya Harwell iliyoanza kazi mwaka 1951, nayo ilirudishwa katika uhai mwaka 2012 na watu waliojitolea. Nimesimama mbele yake ikipiga hesabu. Namba husogea polepole ndani ya vitaa vyake kiasi kwamba mtoto anaweza kuona hesabu ikifanyika, na hakuna kioo cha laptopu kitakachomfundisha mtoto huyo jambo lile kwa namna ile.

Kuna sababu nyingine, ya kwetu hasa. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye sana. Naamini hiyo ni sababu mojawapo kwa nini zile kompyuta ndogo za nyumbani za miaka ya themanini, ambazo huku Uingereza hujaa kwenye minada, ni adimu Tanzania, na kwa nini historia yetu ya kompyuta za mezani inaanza kuonekana wazi kwenye mashine kama hiyo 386 ya ushirika. Ikienda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kinachoondoka ni ushahidi wa jinsi ofisi zetu zilivyojifunza kazi hiyo. Mwenye kutafuta nyingine asiende kwenye maduka ya kompyuta. Aulize vyama vya ushirika, parokia, hospitali za misheni, shule za sekondari za zamani na viwanda vilivyofungwa, na aulize kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha, wakati stoo zinapohesabiwa.

Kuhusu diski kuu, nakushauri hivi. Soma lebo yake na uandike idadi ya silinda, vichwa na sekta, kwa sababu betri ikishakufa mashine imesahau namba hizo, na utalazimika kuziingiza kwa mkono kwenye mipangilio. Usitegemee adapta ya USB kuisoma: nyingi hutumia mpangilio mpya wa anwani ambao diski za mwanzo wa miaka ya tisini haziujui. Tafuta kompyuta ya miaka ya 2000 yenye tundu la IDE, yaani kiunganishi cha zamani cha diski kuu, kwenye bodi yake yenyewe, iwashe kwa Linux, na utumie programu ya ddrescue kuchukua nakala nzima. Baada ya hapo iache diski hiyo ipumzike mahali pakavu, na kwa matumizi ya kila siku weka kadi ya CompactFlash kwenye adapta ya IDE. Chagua kadi ndogo, kwa kuwa BIOS nyingi za wakati huo haziwezi kuona zaidi ya megabaiti 504.

Plastiki ikiwa imegeuka njano, iache. Watu huipaka haidrojeni peroksaidi na kuiweka juani ili iwe nyeupe, na mara nyingi hupendeza, lakini njano hurudi na rangi huweza kutoka na mabaka. Rangi hiyo nayo ni sehemu ya umri wake.

---

Mpwani wa Tanga (mleta mada)

Nawashukuru sana, na Bi. Nyaraka shikamoo. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba flopi zina uzito kuliko mashine, na nimekwisha kuzitenga zenye ukungu kwenye kasha lao.

Betri imetoka na bodi imesafishwa kama Fundi alivyoelekeza. Njia mbili za shaba karibu na chipu ya kibodi zilikuwa zimekatika, na nimeziunga. Pawa saplai ilikuwa na kapasita ileile ya rangi ya asali yenye nyufa, nayo nimeibadilisha. Volti zote sasa ziko ndani ya mipaka. Nina maswali matatu yaliyobaki. Badala ya betri ya zamani naweza kuweka ile ya saa ya kompyuta za leo? Kumbukumbu (RAM) ina nafasi nne lakini mbili tu ndizo zimejaa; je, hilo ni tatizo? Na waya za pawa saplai zinazokwenda kwenye bodi zina viunganishi viwili vinavyofanana kabisa, wala picha yangu ya mwanzo haionyeshi vizuri kipi kilikuwa upande gani.

---

Bi. Nyaraka, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Kabla Fundi hajajibu, naomba uanzishe daftari la mashine hii. Andika kila ulichokitoa, ulichokiweka na tarehe, pamoja na zile njia mbili ulizounga, na sehemu zote za zamani zitie kwenye mifuko yenye lebo, isipokuwa betri iliyovuja, ambayo ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Yeyote atakayeirithi mashine atahitaji kujua kipi ni cha awali na kipi ni cha kwako. Sanduku lenyewe liinuliwe kutoka sakafuni, mbali na ukuta unaotazama bahari, na flopi ziwe kwenye chombo kinachofungika, pamoja na vifuko vya silika vinavyobadilishwa kila vinapolowa. Hewa ya Tanga na ya huku kwetu ina chumvi na unyevu, na ukungu uliouosha utarudi ukiupa nafasi.

---

Fundi Mstaafu, Mombasa

Kazi nzuri, kijana wangu. Nianze na betri. Usiweke CR2032, yaani hiyo betri ya saa ya leo, moja kwa moja mahali pa ile ya zamani, kwa sababu bodi hii iliundwa kuichaji betri yake, na betri ya lithiamu isiyochajika ikichajiwa hupasuka. Tazama kwanza kama pembeni kuna pini nne za betri ya nje. Mara nyingi zipo, na hapo utaweka kishikilia cha nje kwa waya, mbali na bodi, ili hata kikivuja kisiguse shaba. Kama hazipo, weka diodi kwenye mfululizo, mstari wake ukielekea kwenye bodi, izuie umeme wa kuchaji usirudi. Ukitumia diodi ya kawaida itapunguza volti kidogo; ile ya Schottky hupunguza kidogo zaidi, nami naipendelea.

Kumbukumbu ni sahihi ilivyo. 386SX huongea na kumbukumbu kwa biti 16, na kila kipande cha pini 30 hutoa 8, ndiyo maana huwekwa viwiliviwili. Ukiongeza, ongeza viwili vyenye ukubwa sawa, na ufute miguu yao kwa isopropili kabla ya kuvirudisha.

Viunganishi viwili vya umeme ndivyo vitu vilivyoua bodi nyingi baada ya matengenezo kukamilika. Huitwa P8 na P9, na vinaweza kuingia vikiwa vimebadilishana nafasi, tena kwa urahisi. Vipange ili waya nyeusi za viunganishi vyote viwili zikutane katikati, nne kwa pamoja. Baada ya kuvichomeka, na kabla ya kuwasha, weka mita kati ya waya mweusi na mwekundu, kisha kati ya mweusi na wa njano. Ikilia kwenye wowote, kuna kapasita ya tantali iliyokufa kwenye bodi, ile ndogo yenye umbo la tone, nayo itafutwe kwanza. Isipolia, chomeka kadi ya video na kibodi tu, bila diski wala drivu ya flopi, ndipo uwashe. Kama monita haitaonyesha kitu, hesabu milio ya spika na uniandikie ni mingapi, mirefu au mifupi, pamoja na jina la mtengenezaji wa BIOS lililo kwenye kile kibandiko, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa milio.